Jibu Lisibaki Nyuma Kadi Inapohama

"Mwanangu, huyu wa darasa la tano amekuwaje mtu mzima?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja anayejitolea katika kijiji cha wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Alininyooshea simu yake nikatazama. Fomu ilikuwa ya mkono wangu. Ilionyesha wasichana watatu wa kaya moja, kila mmoja kwenye kadi yake. Herufi za mwanzo za majina zilikuwa sahihi, kitongoji sahihi, darasa sahihi. Lakini kwenye umri wa yule wa darasa la tano, duara lililowaka lilikuwa la "miaka 18 na zaidi". Dakika chache nyuma nilimwona mama kwa macho yangu akiligusa duara la "chini ya miaka 18". Tangu hapo alikuwa amefanya jambo moja tu: aliishika kadi kwa kidole, akaiburuta hadi juu ya orodha, kwa sababu huyo ndiye mtoto aliyekuwa kwenye hatari ya karibu kuliko wenzake.

Ilikuwa siku ya mafunzo, na wasichana wale watatu walikuwa wa kubuni. Ingekuwa Desemba, katikati ya msimu wa ukeketaji, kadi ile ingekwenda mezani kwa ofisa ikisema kwamba aliye hatarini ni mtu mzima. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, na kifungu hicho kinamlinda msichana wa chini ya miaka 18. Duara moja dogo kwenye kioo cha simu ndilo linalosema kama kifungu hicho kinamhusu ama hakimhusu.

Makala hii nawaandikia vijana wanaotengeneza fomu za mtandaoni kwa ajili ya kazi kama hii, na waratibu wanaozipokea na kuzigawa vijijini. Najua kwamba wengi wenu mmejifunza wenyewe, kwa kunakili vipande vya msimbo hapa na pale, usiku, bando likiwa rahisi. Nami nilijifunza hivyo hivyo. Kipande nilichonakili ili kadi ziweze kuburutwa kilifanya kazi vizuri mno machoni. Kadi zilihama kwa ulaini, zikakaa pale zilipoachiwa. Nikaamini kazi imekwisha.

Kwanza tuulizane kwa nini kadi zihame. Si ingekuwa salama kuzipanga na kuziacha palepale? Kwa fomu ya kuomba leseni, ndiyo. Lakini anayesimulia habari ya binti anayetayarishwa kukeketwa hafuati mpangilio wa ofisi. Binti mwenyewe ataanza na ile sauti aliyoisikia usiku, wazee wakizungumza na baba yake. Kisha atarudi kwenye mahari, kisha kwa dada yake aliyekwisha kupelekwa kwa bibi ng'ambo ya Mto Mara. Jina la kijiji litakuja mwisho, kama litakuja. Mama anayejaza fomu anataka kuifuata simulizi, asimkatize mtoto anayetetemeka kwa kumwambia "subiri, hilo swali la saba". Na wakiwa wasichana wawili au watatu wa nyumba moja, jambo ambalo ni la kawaida kwa kuwa rika huandaliwa pamoja, anataka anayepelekwa kesho awe juu ya anayepelekwa wiki ijayo. Kuburuta kadi kunamsaidia kuifanya kazi yake kwa utu, na ndiyo maana sikukubali kukuondoa.

Hali ya mkoa wenyewe inajulikana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 28, wakati wastani wa nchi ni asilimia 8. Kwa Wakurya msimu huwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na mara nyingi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wilayani Tarime kipo kituo cha Masanga kinachowapokea wasichana waliokimbia. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ipo nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lenye nyumba nyingine wilayani Butiama. Shirika hilo lina wanawake vijijini wenye simu janja wanaotuma taarifa kwa ODK, programu ya kujazia fomu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Na kwa kuwa vijiji vingi havikuwa hata kwenye ramani, tangu 2015 wachoraji wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora barabara na nyumba zake kwenye OpenStreetMap, ili gari la uokoaji lijue linakokwenda. Kwa hiyo fomu hapa ni kiungo kimoja katika mnyororo mrefu wa watu, na kiungo hicho kikilegea, gari lenye ramani nzuri litachelewa kuondoka.

Sasa turudi kwenye kadi yangu.

Fikiria mtungi uliojaa maji, nawe unataka kuuhamisha kutoka mlangoni kwenda jikoni. Njia ya kwanza ni kuubeba wenyewe, maji yakiwa ndani. Njia ya pili ni kumwita mfinyanzi, umwonyeshe mchoro wa mtungi, afinyange mwingine unaofanana nao kabisa, auweke jikoni, kisha ule wa mlangoni uvunjwe. Mtungi mpya utakuwa na shingo ileile na urembo uleule. Maji hautakuwa nayo.

Kipande cha msimbo nilichonakili kilifuata njia ya pili. Kadi iliposhikwa, kilisoma maandishi yake yote ya HTML kupitia innerHTML, kikayabeba kama mchoro, na kadi ilipoachiwa kikajenga nyingine kutokana na mchoro huo. Mifano ya namna hii imeenea kwa sababu ni mifupi na inaeleweka haraka. Kwa orodha ya majina au picha haina madhara. Kwa fomu ni hasara, kwa sababu anachoandika mtu ndani ya kisanduku hakiandikwi kwenye HTML. Kivinjari hukitunza pembeni, kama sifa hai ya elementi yenyewe. HTML inajua tu kisanduku kilizaliwa na nini.

Hapo ndipo palipo na jambo ambalo lilinichukua siku mbili kulielewa. Kama kadi ile ingerudi ikiwa tupu, mama angeona mara moja na angejaza upya. Lakini haikurudi tupu. Ukurasa ulikuwa umefunguliwa kutoka kwenye seva, na taarifa zilizojazwa mwanzo zilikuwa zimeandikwa na seva kwenye HTML: herufi za jina, darasa, kitongoji, na umri uliokosewa awali. Mama akarekebisha umri. Alipoburuta, kadi ikajengwa upya kutokana na HTML ya zamani. Kila kitu kikarudi kilivyokuwa ukurasa ulipofunguka, na kilichopotea ni marekebisho peke yake. Fomu inayofuta majibu humshtua mtu. Inayorudisha majibu ya zamani inampita mtu akiwa macho, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: hamisha elementi yenyewe. Ukiichukua kadi iliyopo na kuiingiza mahali papya kwa insertBefore, kivinjari huitoa pale na kuiweka hapa ikiwa ileile, na yaliyoandikwa ndani yake yanabaki. Huhitaji kunakili chochote. Mistari minne mitano ya msimbo inatosha, na ni michache kuliko ile niliyoinakili mimi.

Yapo mambo madogo ambayo hata njia hii huyapoteza. Mtu akiwa katikati ya kuandika, kishale hutoka kwenye kisanduku na kibodi ya simu hufungwa. Sehemu ya kadi iliyokuwa imesogezwa chini hurudi juu. Ukurasa uliopachikwa ndani ya kadi, kama ramani, hupakiwa upya na kula bando. Tangu Februari 2025, Chrome toleo la 133 lina amri mpya iitwayo moveBefore, ambayo huihamisha elementi bila kuiondoa kwenye ukurasa hata sekunde moja, na kishale na ukurasa uliopachikwa hubaki vilivyo. Itumie, lakini kwanza uliza kama kivinjari kinaijua. Kama hakiijui, rudi kwenye insertBefore. Simu nyingi vijijini hazijasasishwa kivinjari tangu siku ziliponunuliwa, kwa kuwa kusasisha ni bando, na bando ni hela ya chumvi.

Usijaribu kukwepa tatizo kwa kubadilisha mpangilio wa macho tu kwa CSS, kadi ikaonekana juu huku kwenye ukurasa ikiwa bado chini. Asiyeona anayesomewa fomu na simu atasikia mpangilio mwingine kabisa na ule anaoelezwa na mwenzake aliyekaa pembeni.

Jambo la pili linahusu maduara ya kuchagua, yale ambayo ukigusa moja lingine linazimika. Nayapa nafasi kubwa kwa sababu yanaharibika hata kwa msimbo ulioandikwa kwa uangalifu, na kwa sababu maswali yenye uzito mkubwa kwenye fomu hizi (umri, yuko hatarini leo au baadaye, yuko nyumbani au amekimbia) ndiyo yanayoulizwa kwa maduara.

Kivinjari hulitambua kundi la maduara kwa jina lake. Yenye jina moja ndani ya fomu moja ni kundi moja, na katika kundi linaweza kuwaka moja tu. Sasa angalia kinachotokea unapoburuta. Ili mtu aone kadi ikifuata kidole, programu nyingi za kuburuta hutengeneza nakala ya kadi, kivuli chake, na kukiweka juu ya ukurasa. Kivuli kina maduara yenye majina yaleyale, na moja limewaka. Kinapowekwa ndani ya fomu ileile, kivinjari huona maduara mawili yaliyowaka katika kundi moja, na huzima moja, la kadi halisi. Kidole kikiachia, kivuli hufutwa. Kinachobaki ni kadi halisi ambayo swali lake halina jibu. Dawa ni nyepesi: kiondolee kivuli majina ya maduara kabla hakijawekwa ukurasani, au kifanye kivuli kuwa kibao kitupu chenye herufi za jina tu.

Mtego mwingine uko kwenye namba. Wengi tunayaita majina ya visanduku kwa nafasi: mtoto wa kwanza ni mtoto-1, wa pili mtoto-2, na kadi zikihama tunazipa namba upya. Unapoibadilisha mtoto-3 kuwa mtoto-1, kwa kitambo kidogo kadi mbili zinaitwa mtoto-1. Maduara yao yanakuwa kundi moja, na mmoja wa watoto hao anapoteza jibu lake. Kisha namba zinaendelea kupangwa, kila kitu kinaonekana sawa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Kwa hiyo usimpe mtoto jina la nafasi yake. Mpe kitambulisho siku kadi yake inapofunguliwa, herufi na tarakimu chache zisizobadilika, na kila kisanduku chake kibebe kitambulisho hicho hadi mwisho. Mpangilio uweke kwenye sehemu yake peke yake: orodha fupi inayosema nani wa kwanza na nani wa pili. Kadi ikihama, orodha hiyo ndiyo ibadilike, si kitu kingine. Wanaotumia React au Vue wanalijua sharti hili kwa jina la key, na wanalivunja kila siku kwa kuweka namba ya safu mahali pa kitambulisho. Programu hizo hupatanisha cha zamani na kipya kwa key. Ukizipa namba ya safu, ukahamisha kadi ya tatu kwenda juu, maandishi ya mtoto mmoja yatabaki yamekaa kwenye kadi ya mwingine.

Vivinjari vyenyewe vina tabia hiyo pia. Firefox, ukiupakia upya ukurasa, hujaribu kukurudishia ulichokuwa umeandika, lakini huweza kukirudisha kwa kufuata nafasi ya kisanduku kwenye ukurasa. Kadi zikiwa zimepangwa tofauti na mwanzo, majibu hukaa kwa asiye wao. Weka autocomplete="off" kwenye fomu nzima, kisha urudishaji ufanye wewe kwa kitambulisho.

Maana urudishaji ni lazima uwepo. Simu zinazotumika kwenye kazi hii ni zile za bei nafuu, zenye kumbukumbu ndogo. Mama yuko katikati ya kujaza, simu inaita, ni mtendaji wa kijiji. Anazungumza dakika tatu. Anaporudi, kivinjari kilikwisha kuutupa ukurasa ili kupata nafasi, na fomu inafunguka upya, tupu. Hakuna kuburuta kulikohusika hapo, lakini kwa mama ni mchezo uleule: ameandika, na hakipo. Fomu ihifadhi kila jibu papo hapo linapoandikwa, kwenye ghala la ndani la kivinjari liitwalo IndexedDB, likiwa chini ya kitambulisho cha mtoto. Ihifadhi tena ukurasa unapofichwa, kwa kusikiliza visibilitychange, maana mara nyingi hiyo ndiyo nafasi ya mwisho kabla ya kutupwa. Kusubiri kitufe cha "Tuma" ni kuchelewa.

Hapa nataka msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu ushauri uliozoeleka unaishia kwenye "hifadhi kila kitu", na kwa kazi hii ushauri huo unaweza kumletea mtu balaa.

Simu ya kijijini mara nyingi si ya mtu mmoja. Mume huiomba kupiga, mtoto huiomba kucheza, shemeji huiomba kutazama mpira. Rasimu iliyobaki kwenye simu ikisema kwamba binti wa mji fulani atapelekwa kwa ngariba Jumamosi, na kwamba aliyesema ni dada yake, ni karatasi iliyoachwa mezani sebuleni. Anayeisoma anaweza kuwa baba mdogo wa binti huyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa ni taarifa nyeti. Hata bila sheria, mama yule anaishi palepale, anateka maji kwenye kisima kilekile na watu anaowatolea taarifa.

Kwa hiyo hifadhi, lakini usihifadhi jina. Rasimu iwe na kitambulisho, umri, tarehe na kitongoji. Jina analo mama kichwani, atalisema kwa simu kituo kikimpigia. Fomu ifunguke kwa namba ya siri. Seva ikithibitisha kwamba imepokea, rasimu ifutwe kwenye simu dakika hiyohiyo, na isifutwe kabla ya uthibitisho huo. Ile autocomplete="off" inafanya kazi ya pili hapa: inakizuia kivinjari kupendekeza maneno yaliyowahi kuandikwa. Bila hiyo, shemeji akianza kuandika herufi mbili kwenye kisanduku kinachofanana, kivinjari kinaweza kumletea jina la binti wa jana.

Picha nazo ziwe mbali na fomu hii. Kwanza, faili lililochaguliwa halirudishwi na msimbo: kivinjari hakiruhusu ukurasa ujichagulie faili kwenye simu ya mtu, na kadi ikijengwa upya picha imepotea mpaka mtu aichague tena. Pili, na hili ndilo kubwa, picha ya msichana aliyekimbia haina kazi yoyote kwenye simu ya mtu mwingine.

Kuhusu kuburuta kwenyewe. Kidole chenye vumbi la shamba, kioo kilichopasuka, jua la saa saba: kuburuta kunakataa. Unataka kusogeza ukurasa, kadi inahama. Unataka kuhamisha kadi, ukurasa unasogea. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.2, uliotolewa Oktoba 2023, unataka kila kinachofanyika kwa kuburuta kiwe na njia nyingine ya kugusa tu. Weka vitufe viwili kwenye kila kadi, "Panda" na "Shuka". Nilipoviweka, mama yule aliacha kuburuta kabisa. Vitufe na kidole viite kazi moja kwenye msimbo, ile inayohamisha elementi yenyewe, usije ukatibu mlango mmoja na kuuacha mwingine.

Na usiweke jibu la awali kwenye swali zito. Mimi nilikuwa nimewasha "miaka 18 na zaidi" tangu mwanzo kwa sababu ndilo lililokuwa la kwanza kwenye orodha. Laiti swali lingezaliwa bila jibu, kadi iliyojengwa upya ingeonyesha pengo, na fomu ingekataa kutumwa. Swali la umri lianze bila jibu, na lisipojibiwa libaki likiuliza.

Waratibu msiotengeneza msimbo, nanyi mna sehemu yenu, kwa kuwa huburuta maswali kwenye KoboToolbox au kuyapanga kwenye jedwali la fomu za ODK. Pale kila swali lina vitu viwili: maneno anayoyaona msomaji, na jina la ndani linalokuwa kichwa cha safu ya majibu. Kuhamisha swali juu au chini hakudhuru majibu yaliyokwisha kuja. Kubadilisha maneno ya swali, vilevile. Lakini ukibadilisha jina la ndani katikati ya msimu, majibu ya Oktoba yatakaa kwenye safu moja na ya Desemba kwenye nyingine, na atakayehesabu safu moja atapata nusu ya wasichana. Amua majina ya ndani mapema, kwa Kiswahili kifupi kinachoeleweka, kisha yaache. Kama ni lazima fomu ibadilike, waombe kwanza wanaojitolea watume rasimu zote walizo nazo, maana rasimu iliyoanza kwa toleo la zamani inabaki na toleo hilo. Na wanaojaza fomu za Kobo kwa kivinjari waambiwe wazi kwamba wakifuta data za kivinjari ili kupata nafasi kwenye simu, wanafuta pia taarifa ambazo hazijatumwa.

Fomu haichukui nafasi ya kupiga simu. Weka juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo hakuna kadi inayoweza kupafunika, kitufe cha kupiga 116, namba ya bure ya Simu kwa Mtoto, na namba ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wa wilaya husika. Mtoto akiwa njiani kupelekwa, hakuna anayepaswa kujaza kisanduku chochote.

Kabla hujagawa fomu, ijaribu hivi. Tafuta simu dhaifu kuliko zote utakazopewa. Mkalishe mama anayejitolea, awe wa Nyamongo, Sirari, Machochwe au popote, umwambie aandikishe watoto watatu wa kubuni. Abadilishe umri wa wa tatu, ampandishe juu kwa kidole, kisha kwa kitufe. Umpigie simu akiwa katikati. Azime mtandao, afunge kivinjari, akifungue tena. Mwisho asome kila kadi kwa sauti, nawe umesimama na karatasi ya majibu aliyokwambia mwanzo, ukilinganisha moja baada ya jingine. Nimeona fomu nzuri zikishindwa kwenye hatua ya simu kuita, na nyingine kwenye kitufe cha "Shuka" peke yake.

Duara moja likiwa limehama, fomu hiyo haijawa tayari kwenda Tarime wala Mugumu. Irudishe mezani, na ufanye hivyo kabla ya shule kufungwa.